Orodha ya Walioachwa Hai

Jua lilikuwa limeshagusa mapaa ya Gongoni nilipobisha hodi kwa Bi Maram. Nilifuata vitabu tu. Sanduku moja la vitabu vya marehemu mumewe, Mzee Hamdun, ambavyo mjane huyo alisema vinamjazia nyumba na hana wa kuvisoma.

Mimi naitwa Eustadia. Nakaa Ipuli, hapa Tabora mjini. Asubuhi nafundisha watu kuchapa kwenye kompyuta, jioni naandika blogu ya vitabu. Nasoma, nasema kilichonipendeza na kilichonichosha, na wasomaji wanabishana huko chini. Wakati ule walikuwa wamefika kama elfu mbili, kutoka Tabora, Nzega, Kigoma, mpaka Dar. Blogu yenyewe ilikuwa kama gari bovu. Leo picha zinageuka miguu juu, kesho ukurasa unakuwa mweupe pee, keshokutwa sehemu ya maoni inajaa matangazo ya viatu na dawa za nywele. Kila ikigoma nilimpigia simu Anselm, fundi wa kompyuta anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Bi Maram alinifungulia mlango akiwa ameinama. Si kuinama kwa wazee wote. Paji la uso lilikuwa karibu na magoti, na mkono mmoja ulitambaa ukutani kutafuta njia.

"Shikamoo, Bi Maram."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Sanduku lile pale."

Juu ya vitabu palikuwa na daftari la jalada jeusi. Nilipolinyanyua, alirudi nyuma hatua mbili.

"Hilo ndilo zuri kuliko yote," alisema kwa sauti ya chini. "Hamdun alilinakili kwa mkono wake, kutoka kwenye karatasi za mababu zake. Mambo ya misafara. Watu wako watalipenda."

"Ahsante sana."

Halafu akaniuliza huku akitazama sakafu, kwani hakuweza kutazama kwingine.

"Wewe… unasoma kimya au kwa sauti?"

"Kimya."

"Hilo lisome kwa sauti."

Nilidhani ni matakwa ya mjane. Nikalibeba sanduku hadi kwenye bajaji, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha zangu.

Jioni iliyofuata Anselm alikuja kurekebisha picha zilizogeuka. Alipomaliza nikamwomba anisaidie jambo dogo. Mwandiko wa Mzee Hamdun ulikuwa mdogo kama mguu wa sisimizi, na macho yangu hayawezi. Yeye asome, mimi nichape.

Alikubali mara moja. Anselm ni mtu mrefu, mpana wa mabega, na kila Jumapili ya pili ndiye anayesoma masomo kanisani. Anapenda sauti yake, na ana haki ya kuipenda. Alisimama katikati ya sebule yangu, akakohoa kusafisha koo, akaanza.

Ilikuwa orodha. Msafara mmoja uliotoka pwani kurudi Unyanyembe, huku kwetu, na mnyapara wake alikuwa akiandika kila mpagazi aliyeshindwa kuendelea. Jina. Mahali. Ugonjwa. Kisha maneno yale yale, mstari baada ya mstari: *Ameachwa hai. Mzigo wake umegawanywa.* Mahali pengine ameongeza: *Aliomba abebwe.* Mahali pengine: *Alitufuata kwa magoti mpaka jua likachwa.*

Majina sitayaandika hapa. Hata moja.

Walikuwa arobaini na mmoja. Alipofika wa kumi, vidole vyangu vilikuwa baridi. Alipofika wa thelathini, nilinusa harufu… Jivu lililomwagiwa maji. Na chini yake, kidonda.

"Unasikia harufu?" nilimuuliza.

Anselm alikuwa anaendelea kusoma, taratibu, kama anayesoma injili ya Ijumaa Kuu. Alipomaliza jina la mwisho alilifunga daftari, akajishika bega.

"Ah. Nimelala vibaya jana," alisema.

Nilikuwa sijaichapisha ile posti. Ilikuwa bado rasimu, hakuna mtu duniani aliyeweza kuiona ila mimi. Lakini nilipoangalia skrini, chini yake palikuwa na maoni.

Arobaini na moja.

Hayakuwa na jina wala anwani. Yote yaliandikwa dakika ile ile, na yote yalikuwa na neno moja.

*Nibebe.*

Tulicheka. Kweli, tulicheka. Anselm akasema hao ni wale wale wa matangazo ya viatu, wamebadili mtindo. Akayafuta. Yakarudi. Akaifuta posti nzima, ikarudi imeshachapishwa. Akaifunga blogu kabisa, akachomoa mpaka waya wa umeme. Nikaifungua kwa simu.

Ilifunguka.

Kila posti niliyowahi kuandika, hata ile ya kitabu cha mapishi, ilikuwa na neno lile chini yake.

Asubuhi Anselm aliamka akiwa ameinama kidogo. Siku ya tatu alitembea kama mtu aliyebeba gunia la mpunga. Alikuwa bado anakuja kwangu jioni kupambana na ile blogu, anakaa kwenye kiti, kidevu kikikaribia kibodi, jasho linamdondoka kwenye herufi. Siku ya sita hakuweza kukaa kwenye kiti. Hospitalini walimpiga picha, wakamwambia mifupa yake ni mizima, apunguze kuinamia kompyuta.

Siku ya tisa mama yake, Mama Advera, alimtuma mtoto wa jirani aniite upesi.

Nilimkuta kijana wake sakafuni kwenye mkeka. Magoti tumboni, uso umebanwa kwenye magoti. Mama Advera hakunisalimia. Alipandisha shati la mwanawe, akanionyesha.

Mgongoni palikuwa na alama mbili za magoti, upande huu na upande huu. Na shingoni, mbele, chini ya koromeo… alama za vidole vilivyofumbatana. Kama vya mtu anayebebwa, anayeogopa kuanguka.

"Jana vilikuwa vidole vikubwa," alisema Mama Advera. "Leo angalia. Hivi ni vya mwanamke."

"Wanapokezana," Anselm alinong'ona kutoka huko chini. "Dada Eustadia… wanapokezana. Huyu wa leo hanyamazi."

"Anasema nini?"

"Anasema tumekaribia."

"Mmekaribia wapi?"

"Mayo wane… mama yangu… sijui. Na yeye hajui."

Nilitoka mle mbio. Nilipanda pikipiki hadi Gongoni.

Bi Maram alikuwa uani akianika nguo. Kamba ilikuwa juu, na alikuwa akiifikia bila taabu. Mikono imenyooka. Shingo imenyooka. Alikuwa mrefu kuliko mimi, jambo ambalo sikuwa nimelijua.

"Mgongo wako," nilisema.

"Alhamdulillahi." Alibana shuka kwenye kamba. "Ni nani aliyekusomea?"

Nilimsogelea.

"Ulijua, Bi Maram."

"Nilijua." Aliligeukia beseni, akachukua foronya, akaikung'uta. "Hamdun alilisoma barazani, kwa sauti, siku alipomaliza kulinakili. Aliinama miezi saba. Mwishoni macho yalimgoma, akaniomba nimsomee, asikie kama ameruka jina. Nikamsomea. Yeye akanyooka… nusu siku. Alinyooka nusu siku tu, akatazama dari, akafa. Mimi nikawa nimeshachukua. Miaka miwili, mwanangu. Miaka miwili nimeswali nikiwa nimerukuu tu."

"Na ukanipa mimi."

"Wewe unasomwa na watu wengi." Alinitazama sasa, na uso wake haukuwa wa mtu mbaya. Hilo ndilo lililoniumiza. "Nilidhani utawagawia. Mzigo ukigawanywa si mzito. Nilidhani kila mmoja atapata kidogo, maumivu ya kiuno ya siku mbili, basi. Mimi sina watu."

"Daftari nikilichoma?"

"Nilichoma zile karatasi za zamani. Unaona kama ilisaidia?"

"Na mimi mbona sijapata kitu?"

"Wewe umeandika. Hawabebwi na mkono. Wanabebwa na aliyewaita majina yao." Aliokota beseni tupu. "Si waovu, Eustadia. Waliachwa wakiwa wanaita, na aliyeitwa hakugeuka. Sasa aliyewaita wao… wanamshika."

Adhana ya magharibi ililia. Aliingia ndani kuswali. Nilimsikia akisujudu, paji la uso likigusa zulia.

Nilirudi kwa Mama Advera kwa miguu. Nilitembea barabara nzima nikifanya hesabu ambayo nilikuwa nimeshaimaliza kabla ya kuianza. Wasomaji elfu mbili. Mtu mmoja mmoja, kiuno kidogo, siku mbili. Anselm alikuwa amepoteza fahamu mara mbili siku hiyo. Mama Advera alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko, akilala chini kabisa ili aupate mdomo wa mwanawe.

Niliketi pale pale kando ya mkeka, nikafungua laptopu.

Blogu ilikuwa imejirekebisha. Picha zilikuwa wima, kurasa zinafunguka upesi kuliko siku zote. Na maoni yale yalikuwa yamefutika. Ilikuwa inasubiri.

Niliandika: *Shindano la Kusoma kwa Sauti! Soma ukurasa huu wa historia yetu, jirekodi, nitumie. Sauti itakayonigusa zaidi itapata vitabu kumi.* Nikaiweka ile orodha. Yote.

Kabla saa haijapita, rekodi ya kwanza ilifika. Mzee mmoja wa Kigoma, sauti nzito. Niliisikiliza mpaka mwisho, na alipotaja jina la mwisho, Anselm alivuta pumzi. Kichwa chake kilinyanyuka, upana wa vidole viwili.

Mama Advera alinitazama.

"Endelea," alisema.

Ikaja ya pili. Ya tano. Ya kumi na moja. Binti wa Dar, anasoma harakaharaka huku anacheka. Mama wa Urambo, analia katikati ya orodha na kuomba radhi kwa kulia. Kila sauti ilipomaliza, mgongo ule ulipanda. Ilipofika ya kumi na saba, Anselm alikuwa amekaa. Ameinama bado, kama mzee wa miaka themanini, lakini amekaa.

Halafu zikakoma.

Tulisubiri mpaka kesho yake mchana. Hakuna kitu. Alianza kushuka tena, taratibu, na sasa alikuwa analia kwa sauti, kwa sababu alikuwa ameshaonja kunyooka.

Ndipo ulipoingia ujumbe wa Suzana.

Suzana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Puge. Hatukuwahi kuonana. Lakini hakuna posti yangu hata moja ambayo hakuisoma, na maoni yake yalikuwa marefu kuliko posti zenyewe. Blogu ilipogoma alinitumia pole kama mtu aliyefiwa. Aliandika hivi:

*Dada Eustadia, hongera kwa shindano. Mimi nina darasa la nne hapa, na msafara ule ulipita kijijini kwetu, Puge imetajwa mara tatu! Nimewaandikia ubaoni. Je, watoto wanaruhusiwa kushiriki?*

Niliusoma ule ujumbe mara moja. Sikuusoma mara mbili, kwa sababu nilijua nikiusoma mara mbili nitakuwa mtu mwingine. Nilimtazama Anselm. Mama Advera alikuwa akimfuta mate yaliyokuwa yakimtiririka, akimwimbia kitu cha utotoni kwa Kinyamwezi.

Niliandika maneno mawili.

*Karibuni sana.*

Haikupita nusu saa. Sauti ilifika. Kwanza Suzana mwenyewe: "Haya, wote kwa pamoja, moja, mbili…" Kisha wao. Watoto wengi, kwa ile sauti ya kuimba ya darasani, wanakokota kila jina. *A-me-a-chwa ha-i. Mzi-go wa-ke u-me-ga-wa-nywa.*

Walipomaliza walijipigia makofi.

Mgongo wa Anselm ulilia kama tawi linalovunjika. Alisimama. Alisimama wima, kichwa karibu na dari ile ya chini, akajinyoosha mikono, na mama yake akaanguka miguuni pake akimshukuru Mungu.

Anselm hakumtazama mama yake. Alikuwa anaitazama simu yangu.

"Ni nani hao?"

Niliifunika simu kwa kiganja.

"Eustadia. Hizo ni sauti za watoto?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita bila dada.

Alinipokonya begi, akatoa daftari. Mama yake alimng'ang'ania mkono, akamsukuma. Alisoma. Jina la kwanza hadi la mwisho, kwa sauti yote aliyopewa. Akarudia. Akarudia mara ya tatu, machozi yanadondoka kwenye wino. Mgongo wake ulibaki umenyooka kama nguzo. Walikuwa wameshashuka kwake. Hawakutaka kurudi.

Siku ya pili alasiri tuliondoka kwenda Puge kwa pikipiki yake. Tulifika jua likiwa chini, jekundu, na vumbi la barabara limesimama hewani kama moshi.

Tuliwaona kabla ya kufika shuleni.

Walikuwa wakija barabarani, mmoja nyuma ya mwingine. Sare za shule. Hawana mabegi wala madaftari, mikono imepelekwa nyuma, viganja vimekingwa juu ya makalio, kama unavyomkinga mtu uliyembeba mgongoni. Wote wameinama. Hakuna aliyelia. Pembeni ya barabara walitembea wazazi, wengine wakiita majina ya watoto wao, wengine wameshachoka kuita.

Mbele yao alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alisimama aliponiona viatu, akageuza shingo kwa taabu, akanitazama kwa jicho moja.

"Ni wewe? Yule wa picha ya blogu?"

"Ni mimi, Mwalimu Suzana."

"Karibu," alisema. Na aliimaanisha. "Samahani, umetukuta hivi. Sijui watoto wamepatwa na nini. Wamekataa kukaa nyumbani. Tangu jana, jua likitaka kuzama, wanasema wamekaribia."

Hakuwa anajua. Alikuwa ananiomba radhi *mimi*.

Anselm alipita kando yangu. Alimwendea wa mwisho kwenye mstari, msichana mdogo wa miaka tisa hivi, magoti yamejaa vumbi. Akachuchumaa, akamshika makwapani ambebe. Nilimwona akivuta. Nilimwona akipanga miguu vizuri, akavuta tena, mishipa ikamsimama shingoni. Mtu yule alikuwa anabeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo.

Hakumnyanyua hata kidogo. Miguu ya mtoto haikuacha ardhi.

"Usijali, kaka," mtoto alimwambia, anahema. "Wangu ni mdogo. Ni katoto tu. Mwalimu ndiye amebeba mkubwa."

Akaendelea kuwafuata wenzake.

Ile harufu ya jivu lililolowa ilipita na upepo wao, ikapotea.

Tulikaa Puge siku mbili. Wale watoto walitembea kila jioni mpaka giza, wakaanguka walipofika, na baba zao, wanne kwa mtoto mmoja, wakawaburuza hadi kwenye mikokoteni ya ng'ombe kuwarudisha. Anselm aliwaeleza wazazi kila kitu, jinsi mzigo ulivyokuja na jinsi unavyoondoka. Nilidhani wataniua. Mwanamke mmoja alinitemea mate, basi. Wengine waliniangalia tu. Anselm hakurudi nami. Yuko huko hadi leo, anasukuma mkokoteni.

Blogu niliifunga mwezi ule ule. Wale kumi na saba wa mwanzo hawajaniandikia tena, isipokuwa binti wa Dar, aliyeuliza mshindi ni nani.

Jana jioni mlango wangu uligongwa. Alikuwa mwanaume mzima, mkulima, viatu vyake ameshavivua nje, kofia mkononi. Alijitambulisha: Xavery, baba yake Kabula, yule msichana wa mwisho kwenye mstari. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri. Nilimpa maji, akayanywa yote.

"Hali yake?" nilimuuliza.

"Anatambaa sasa." Aliizungusha kofia yake. "Mwalimu Suzana tumemzika Jumanne. Hakunyooka."

Nilimwongezea maji.

"Sikuja kugombana, mama," alisema, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Mimi kusoma sijui. Mke wangu naye hajui. Tungejua tungeshamsomea wenyewe. Tumeongea na wenzangu, sisi wazazi. Kuna shule kubwa huko barabarani, watoto wengi, walimu hawatujui… Tunaomba ule ukurasa."

Nilimtazama. Alikuwa na uso mpole. Uso wa mtu anayekwenda kanisani.

"Wale pia wana wazazi," nilisema.

"Ndiyo," alijibu. "Na mimi nilikuwa mzazi, ulipotuma yale maneno mawili."

Nje kulikuwa kunaingia giza. Kwa jirani mtoto alikuwa anasoma kazi ya nyumbani kwa sauti, anajikwaa kwenye maneno marefu. Tulimsikiliza wote wawili. Halafu niliinuka, nikawasha printa.

"Nakala ngapi?" nilimuuliza.